Vivutio vya Mji kwa Wageni wa Kinyozi

Mbele ya duka la Kinyozi, mkabala na lango la chuo, kuna benchi refu la mbao lenye rangi ya bluu kama mlango wa duka, kwa sababu rangi ya mlango ilibaki na Kinyozi si mtu wa kumwaga kitu. Kila siku jua likianza kulegea, Mama Birika anashusha jiko lake la mkaa pembeni ya ukuta, anapanga vikombe kwenye sinia, na wenye benchi lao wanaanza kufika mmoja mmoja, kila mtu na sehemu yake. Wanafunzi wakiwapo, mtaa unachemka: pikipiki, mashine za kutoa nakala, muziki kwenye vibanda vya simu. Chuo kikifungwa, kama kilivyokuwa kimefungwa wiki ile, mji wote unanyamaza kama nyumba iliyohamwa, na kinachosikika ni benchi tu. Benchi halinyamazi.

Wakaaji wa kudumu walikuwa wachache. Kulikuwa na Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana hata moja. Kulikuwa na Risala, karani mstaafu, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiandika na kusoma risala kwenye kila shughuli ya mji huu. Alipostaafu jukwaa liliondoka, lakini sauti ilibaki. Mama Birika alikuwa anauza kahawa na kusikiliza, na akisema neno lilikuwa moja. Na Kinyozi mwenyewe, mtu mpole wa mikono, ambaye asipokuwa na kichwa cha kunyoa alitoka na kukaa ncha ya benchi, mgongo kwenye fremu ya mlango, ili mteja akija asimpigie hodi.

Wiki ile Kinyozi alikuwa na jambo zito. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi. Mama wa binti alifariki mtoto akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo walikuwa wawili tu, baba na mwana, katika vyumba viwili nyuma ya duka. Binti akasoma, akavuka barabara akaingia chuo hicho hicho kilichokuwa mbele ya macho yake tangu azaliwe, akamaliza, akaajiriwa kwenye maabara yao. Huko chuoni ndiko alikokutana na kijana wake. Kijana alikuwa mtu wa mji mkubwa, mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Sasa chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kufundisha, na yeye mwenyewe alikuwa tayari kuja kuanza maisha hapa. Kilichobaki ni Shangazi.

Huyo Shangazi ndiye aliyemlea kijana tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na katika ukoo wao neno lake lilikuwa la mwisho. Hakuwa amekataa. Hakuwa amekubali pia. Alichofanya ni kumpigia simu bibi harusi na kumwambia kwamba atakuja auone kwanza huo mji, halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, huko kwenu kuna nini?

Binti alimsimulia baba yake huku anacheka. Baba hakucheka. Usiku ule alilala chali, swali lile likimzunguka kama mbu.

Kesho yake alilipeleka jambo kijiweni, lakini hakulipeleka lote. Alisema tu kwamba wageni wa upande wa bwana harusi, watu ishirini na ushee, watafika Alhamisi jioni, harusi ni Jumamosi, na hapo katikati kuna Ijumaa nzima iliyo tupu. Wageni hawawezi kukaa wanatazamana. Wapelekwe wapi?

Lilikuwa swali ambalo benchi lilikuwa limelingoja miaka yote.

Breki ndiye aliyeanza, na alianza na maporomoko. Alisema huko juu ya shamba la chuo kuna maporomoko ya maji ambayo yangekuwa kwenye nchi nyingine watu wangekuwa wanalipa ili wayaone. Alisema maji yanaanguka kutoka juu kuliko jengo la maktaba, na ukisimama chini yake huwezi kusikizana na mwenzako mpaka upige kelele. Risala akamsubiri amalize, akakohoa kikohozi cha kufungulia mkutano, akasema kwa heshima zote, maji ni maji. Mtu wa mji mkubwa anayo bombani kwake. Mgeni anapelekwa mahali penye elimu. Na mahali penye elimu ni jumba la makumbusho la chuo, ambamo kuna simba.

Mama Birika akauliza simba gani. Risala akasema simba mkavu, aliyejazwa pamba, na macho ya kioo yanayokufuata popote unapokwenda.

Siku ya kwanza simba huyo alikuwa ameokotwa amekufa kando ya barabara. Siku ya pili akawa amepigwa risasi na mkuu wa kwanza wa chuo, kwa risasi moja, usiku usio na mwezi. Siku ya tatu Breki alipoongeza kwamba maji ya maporomoko yanaponya mgongo, na kwamba dereva mwenzake aliyekuwa anatembea na mkongojo aliyanywa mara moja tu akautupa mkongojo mtoni, Risala hakuwa na njia nyingine: simba akaingia darasani wakati wa kipindi. Akaingia, akaketi mstari wa nyuma, na hakumgusa mtu mpaka mwalimu alipomaliza.

Mama Birika aliuliza huyo dereva aliyepona mgongo anaitwa nani.

— Amehama, akasema Breki.

Baada ya hapo ukaja mlima. Ni kilima kilichoko nyuma ya hospitali, na kwa mujibu wa Breki, siku ya anga safi ukisimama kileleni unaona wilaya nne. Risala akasema ni tano. Breki akasema sawa, tano, na usiku unaona taa za nchi jirani. Mama Birika alisema yeye amezaliwa chini ya kilima hicho, amekipanda kutafuta kuni utoto wake wote, na alichowahi kuona kutoka juu ni mbuzi wa watu. Wakamwambia, kwa upole, kwamba aliyezoea kitu hakioni.

Kinyozi alikuwa anajua kwamba chumvi imezidi. Alikuwa amewanyoa watu hawa kwa miaka, anajua kichwa cha kila mmoja kina nini. Lakini kila jioni moyo wake ulitulia zaidi kidogo. Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba mji wake una mambo, anaanza kuyaona. Ikafika mahali na yeye, akiwa na mteja kitini, shingo imefungwa kitambaa, anajisikia anasimulia habari za simba aliyesikiliza somo mpaka mwisho, na mteja hawezi kutikisa kichwa kwa sababu mashine iko sikioni.

Kufikia Jumatano ratiba ilikuwa imekaa sawa. Asubuhi simba, mchana mlima, alasiri maporomoko. Breki ataendesha basi dogo la shule ya jirani, alilokwisha kuliomba. Risala ataongoza msafara na kutoa maelezo, na alikuwa ameanza kuyafanyia mazoezi akiwa amesimama, mkono mmoja mgongoni. Kinyozi aliingia dukani akajitazama kwenye kioo akaona mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Huyo Shangazi aje tu, alijisemea. Aje aone.

Shangazi akaja Alhamisi, mchana wa saa tisa, kabla ya wakati.

Alishuka kwenye gari la abiria hapo hapo mbele ya lango, mwanamke mrefu wa makamo, mkoba begani, viatu vya mtu anayetembea. Akasimama akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

— Hodi jamani. Ndiyo kwa Kinyozi hapa, baba wa bibi harusi?

— Ndiyo, mama, akasema Breki, karibu.

— Mimi ni shangazi wa bwana harusi. Wenzangu wako njiani, watafika giza likiingia. Mimi nimetangulia.

Benchi zima lilisimama. Kinyozi alitoka ndani na brashi mkononi, unga wa poda umemrukia kwenye nyusi, akamwamkia, akampokea mkoba, akakosa pa kuuweka, akabaki ameushika. Mama Birika tayari alikuwa amefuta kikombe. Binti alikuwa saluni upande wa pili wa mji, akipambwa mikono kwa hina, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsaidia baba yake.

Shangazi aliketi katikati ya benchi, mahali pa Risala, na Risala akahamia pembeni. Akaulizwa habari za safari, akasema ni njema. Akaulizwa shughuli zake, akasema ameendesha nyumba ya wageni kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, vyumba kumi na viwili, na bado anaiendesha. Hapo Breki akamtupia Risala jicho la ushindi, maana mtu wa namna hiyo anajua thamani ya mahali. Wakamwaga kila kitu. Walikuwa wamepanga wasubiri wageni wote wafike, lakini nani angeweza kusubiri? Maporomoko yakaanguka kutoka juu kuliko siku zote. Risala akasimama ili simba aingie darasani vizuri. Kwenye mlima wakapishana wilaya, wakasuluhishana kwenye sita. Hata Kinyozi, aliyekuwa amekusudia kukaa kimya kwa adabu, alijikuta anaongeza kwamba macho ya simba yule yanakufuata mpaka nje ya mlango.

Shangazi alisikiliza bila kumkatiza mtu. Alikunywa kahawa yake pole pole, akageuza kikombe mkononi, akatingisha kichwa penye kutingisha. Walipokwisha, akaweka kikombe kwenye sinia.

— Nimewasikia, akasema. Mji wenu una mambo mengi. Sasa niambieni, wageni watalala wapi?

Kinyozi alimtazama Risala. Risala alimtazama Breki. Breki akatazama barabara, kama mtu anayeona gari lake linakuja.

Kinyozi alikuwa na hakika kabisa kwamba Risala, anayefahamiana na msimamizi wa mabweni, alikwenda chuoni kuomba vyumba vya wanafunzi. Na kweli Risala alikwenda chuoni, na kweli alionana na msimamizi, lakini walianza na simba, na walipomaliza habari za simba kila mtu akashika njia yake. Risala naye alijua Breki ameshika nafasi kwenye gesti ya stendi. Breki alijua Kinyozi, mwenye harusi, hawezi kusahau kitu kama hicho. Siku zote zile walizokaa hapo kuanzia jua linapolegea mpaka giza, hakuna hata mmoja aliyetamka neno kitanda.

Kinyozi aliona kila kitu kwa mara moja: basi linasimama, watu ishirini wanashuka na mabegi, watoto wanalia usingizi, na yeye amesimama na ratiba ya milima. Aliona binti yake anafungasha na kupanda basi hilo hilo Jumapili. Shangazi alikuwa anamtazama yeye, si wengine, na hakuwa anamtazama kwa dharau. Alikuwa anangoja jibu tu, kama alivyokuwa amengoja majibu ya wageni kwenye meza yake ya mapokezi miaka yote hiyo.

— Dada yangu, akasema Kinyozi, sikukumbuka.

Risala akataka kusema kitu. Kinyozi akamwashiria anyamaze.

— Nimekumbuka mambo yote ambayo hayana maana, hilo nimelisahau. Lakini hutalala nje. Wewe utalala chumbani kwangu, na hao wengine nitawatafutia kabla hawajafika.

— Chumba changu kina vitanda viwili, akasema Mama Birika. Na sebule.

Huo ndio uliokuwa mwanzo. Breki alitoka mbio kwenda stendi, akarudi amelowa jasho: gesti imejaa, wamelala humo wasahihishaji wa mitihani. Risala akaingia langoni, akarudi na habari mbaya na nzuri. Mabweni yanapakwa rangi, hakulaliki, lakini magodoro yote yametolewa nje yamelundikwa kwenye nyasi, na msimamizi amesema chukueni, mrudishe Jumapili. Breki akalileta lile basi la shule lililokuwa limeombwa kwa ajili ya mlima. Wakaanza kupakia magodoro.

Kinyozi alitegemea kwamba Shangazi angekaa kwenye benchi akisubiri, uso umekunjwa. Alipogeuka alimkuta amefunga khanga kiunoni. Alikuwa anauliza nyumba ya nani iko wapi, ina vyumba vingapi, choo kiko ndani au nje, kuna ngazi au hakuna. Kisha akaanza kugawa watu wake. Babu mmoja hawezi ngazi, aende kwa Risala. Hawa wajomba wawili wanakoroma, wawekwe pamoja na wasiwekwe karibu na mtu mwingine. Breki akasema yeye amelala miaka thelathini chini ya injini, waletwe kwake. Mabinti na watoto wadogo kwa Mama Birika. Wenye ndoa changa wapewe chumba chenye mlango unaofunga. Shangazi alisema hayo yote haraka, kwa sauti ya mtu aliye kazini, na mara moja alimkemea Breki kwa kuburuza godoro chini, na Breki, ambaye hajawahi kukemewa na mtu kijiweni, alisema samahani mama, akalinyanyua.

Basi la wageni lilifika giza likiwa ndiyo kwanza linaingia. Binti wa Kinyozi alikuwepo, mikono imepambwa, hawezi kushika kitu, akawa anaelekeza kwa kidevu. Hakuna mgeni aliyejua kwamba saa chache kabla hakukuwa na hata pa kuwalaza. Kinyozi mwenyewe alilala dukani, kwenye kiti cha kunyolea, akakilaza mpaka mwisho, miguu juu ya ndoo.

Asubuhi ya Ijumaa Breki alikuwa amepiga pasi shati. Risala alikuwa na tai. Msafara ulikuwa uondoke saa tatu, lakini saa tatu walikuwapo watu wanne. Wale wajomba wakoromaji walikuwa wamegundua lori bovu nyuma ya nyumba ya Breki, wakalifungua boneti, na sasa walikuwa wamejaa grisi mpaka viwikoni na hawataki kusikia habari ya mlima. Yule babu wa kwa Risala naye alikuwa karani zamani. Walikuwa wamekesha wakipimana nani aliandikia wakubwa wangapi, na sasa babu amelala. Mabinti walikuwa uani kwa Mama Birika wakisuka nywele za harusi na kusikiliza habari za mji mzima, zile ambazo hazisemwi kwenye benchi.

Breki na Risala wakawachukua hao wanne wakaenda. Simba alikuwepo, sikio moja limeshonwa kwa uzi wa viatu. Maporomoko yalikuwepo pia, membamba, ungeweza kuyakinga kwa ndoo. Inasemekana wageni walicheka sana, na mmoja akaomba apigwe picha na vyote viwili.

Shangazi hakwenda. Alikuwa ameketi kwenye benchi, peke yake na Kinyozi, na kahawa ya asubuhi ambayo Mama Birika aliwaachia kabla ya kurudi kwa wageni wake. Mtaa ulikuwa mtupu. Langoni mlinzi alikuwa anafagia majani ambayo hayakuwepo.

— Kaka, akasema Shangazi, nikuulize. Kwa nini ulihangaika vile? Mlima, simba, maji. Mimi sikuja kutalii.

Kinyozi alikuwa na majibu mazuri, alikuwa ameyaandaa wiki nzima. Yalikuwa majibu ya kumfaa mtu mwenye mji mkubwa kuliko huu. Akayatafuta, akaona hayana kazi.

— Ulimwuliza binti yangu hapa kuna nini, akasema. Nami nikaona usipokiona kitu, utamchukua kijana, na kijana atamchukua yeye. Nina huyo mmoja tu, dada. Nataka abaki. Hata wenzangu hawa sijawahi kuwaambia. Basi.

Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye hajatimiza hata siku moja tangu amjue. Alijiona amevuliwa nguo. Shangazi hakumtazama. Alikuwa anatazama upande wa lango.

— Na mimi nina huyo mmoja, akasema. Nilimpokea akiwa na miaka miwili, ana nepi. Vyumba kumi na viwili vimejaa watu kila siku ya Mungu, na asubuhi wote wanaondoka. Yeye ndiye aliyekuwa habanduki.

— Ninakuelewa.

— Ninajua unanielewa. Ndiyo maana inauma.

Wakakaa. Kulikuwa na mambo mengi ambayo watu wa upande wa bwana harusi na wa upande wa bibi harusi hawaambiani, na hayo mawili yalikuwa yamekwisha kusemwa. Yaliyobaki hayakuwa na uzito. Shangazi akamwuliza mke wake alikuwa mtu wa namna gani. Kinyozi akamwambia. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza kwa miaka, na hakutia chumvi. Kahawa ilipokwisha hakuna aliyenyanyuka.

Alasiri bwana harusi alikuja kunyolewa. Alikuwa amefika asubuhi ile kwa gari la rafiki zake, kijana mwembamba, mpole, mwenye kumwogopa baba mkwe kiasi kinachofaa. Aliketi kwenye kiti kile ambacho Kinyozi alikuwa amelala juu yake. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akakikaza, akakilegeza kidogo, akachagua kitana. Alikuwa amenyoa maelfu ya vichwa vya wanafunzi katika duka lile, kikiwemo hiki hiki, miaka ile kijana akiwa bado ni mteja tu aliyekuwa anamtupia macho ya wizi binti anayepita nyuma na ndoo.

Nje, Breki na Risala walikuwa wamerudi na tayari walikuwa wanabishana kama wageni wanne ni msafara au si msafara. Shangazi aliingia dukani akaegemea ukuta, mikono imefungwa kifuani, akatazama kazi. Kinyozi alianza nyuma ya shingo, akapanda taratibu. Alijua anatazamwa. Alifika sikioni, akalikunja kwa kidole kimoja kama inavyotakiwa, akapitisha mashine.

— Huyu kichwa chake kina pembe hapo juu, akasema Shangazi. Tangu utoto. Nywele zake ukizikata fupi sana hapo, inaonekana.

— Naiona, dada.

— Basi uizoee, akasema. Kuanzia sasa ni wewe utakayekuwa unamnyoa.

Bwana harusi alitaka kugeuka amtazame shangazi yake. Kinyozi akamshika kichwa kwa viganja viwili, kwa upole, akakirudisha mbele. Akazima mashine, akaiwasha tena, akasogea upande wa sikio la pili na kuendelea na kazi, pole pole, kama mtu ambaye hana haraka na kichwa hicho.